Watengeneza tovuti za Kiswahili, maandishi yenu hayasomeki!

Wakuu, heshima kwenu. Nimekereka na leo nayasema yote.

Hivi nani aliwaambia watengeneza tovuti wetu kwamba maandishi ni pambo? Picha kubwa inajaza kioo kizima, vitufe vinang'aa, halafu maneno yenyewe, ambayo ndiyo yaliyomleta mtu, yamewekwa pikseli 12, tena ya kijivu. Kivinjari kwa kawaida kinakuja na pikseli 16. Yaani mtu amekaa, akafungua faili la CSS (maelekezo ya mwonekano wa ukurasa), akayapunguza kwa mkono wake!

Juzi taasisi moja ilitoa tangazo la kuitwa kwenye usaili. Nikalifungua kwenye simu, mchana, niko kituoni. Sioni kitu. Baadaye nikachungulia kwenye kompyuta nikaikuta rangi yenyewe: #999999, yaani kijivu hafifu, juu ya nyeupe. WCAG 2.0, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, hata wenye ulemavu, uliotoka 2008, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Hiyo rangi haifiki hata 3 kwa 1. Nikajaribu kukuza kwa vidole viwili, ukurasa ukagoma, maana kuna mtu kaandika user-scalable=no, amri ya kuzuia msomaji asikuze ukurasa. Mwongozo huohuo unataka maandishi yakuzike hadi asilimia 200. Mzee mwenye macho hafifu anayetafuta jina la mwanawe afanyeje?

Ila kinachoniudhi kuliko vyote ni huku kunyoosha kingo za kushoto na kulia kwa text-align: justify. Kwenye gazeti la karatasi inapendeza, kwa sababu neno refu linakatwa mwishoni mwa mstari kwa kistari. Kivinjari hakikati neno mpaka kiambiwe. Sasa leta Kiswahili chetu, ambacho kitenzi kimoja kinabeba sentensi nzima: "watakaochaguliwa", "yatakayowasilishwa", "hawatashughulikiwa". Kwenye simu mstari unaingia maneno matatu manne tu. Neno refu likikosa nafasi linashuka chini, yaliyobaki juu yanavutwa huku na huku mpaka linabaki pengo la kupita bodaboda. Kwenye tangazo lile kuna mstari una "waombaji" kushoto kabisa na "wote" kulia kabisa, basi! Jicho linapotea, unarudia mstari uleule.

Tovuti nyingine nayo imeweka break-all, amri ya kukata neno popote mstari unapoishia, neno likatoka "watakaochag" juu, "uliwa" chini. Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, mtoto wa darasa la pili anajua pa kukata!

Na hapo sijagusa kurasa za Kiswahili zilizoachwa na lang="en" ya templeti, alama inayosema ukurasa ni wa Kiingereza. Asiyeona anasomewa Kiswahili na programu ya kusoma kwa sauti kwa matamshi ya Kiingereza.

Wekeni pikseli 16 au zaidi, maandishi meusi, mistari iachane kwa mara 1.5 ya ukubwa wa herufi, kingo ya kulia muiache ilivyo, na mwondoe hicho kizuizi cha kukuza. Ni mistari michache ya CSS na neno moja la kufuta, haihitaji bajeti wala zabuni.

Kama humu kuna mdau anayetengeneza tovuti za taasisi, aje atujibu: nani anaziidhinisha kurasa hizi kabla hazijapanda hewani, na huwa anazifungua kwenye simu?