Gego la mtoto wa miaka 6, ning'oe au nizibe?
Wakuu habari za jioni, nipo Mbeya huku Uyole naombeni ushauri. Binti yangu gego la chini limetoboka, chakula kikiingia humo usiku halali mtu. Daktari wa kwanza kasema tung'oe, wa pili kasema tuzibe maana hilo la utotoni linakaa mpaka miaka 10 hadi 12 na linashikilia nafasi ya la ukubwani, likitoka mapema ya nyuma yanasogea meno yanakuja kubanana. Bibi yake ndo kabisa, anasema karafuu inatosha. Na nyuma yake kuna jingine linachomoza, hilo nasikia ndo la kudumu halibadiliki tena. Mliozibia watoto inadumu kweli? Na ganzi je, maana huyu akiona sindano tu mtaa mzima unajua