Naomba ushauri: kufuta "ada ya uwakala" kwenye sheria ya jimbo

Wakuu, naombeni ushauri. Hukumu ya Janus ya Mahakama ya Juu ya Marekani, ya 27 Juni 2018, ilipiga marufuku kuwakata watumishi wa umma wasio wanachama "ada ya uwakala", yaani ada ya chama cha wafanyakazi, bila ridhaa yao, ila sheria za majimbo kadhaa bado ziliendelea kuitaja. Kuifuta kuna mtego: mara nyingi kifungu kimoja kinasema "mwajiri atakata michango ya wanachama na ada ya uwakala". Ukifuta sentensi nzima, hata makato ya hiari yanakosa msingi. Pia msamaha wa kidini (kwa wasiotaka kulipia chama kwa sababu ya imani yao) unabaki ukining'inia, kwa kuwa ulitegemea ada hiyo. Je, namba ya kifungu kilichofutwa iachwe wazi, au vifungu vipangwe upya na kurekebisha kila rejeo?