Wanaojilaza kwenye futiboli ya vyuo vya Marekani: kukatwa taimauti kunatosha, au wakae nje?

Kinyozi wa Houston
Habari za jioni wakuu. Kwa mnaofuatilia futiboli ya vyuo huku (ndiyo, ile ya helmeti, tusianze), naomba tuongee hili la wachezaji kujilaza.

Kwa wasioifuatilia: siku hizi timu nyingi zinashambulia mbiombio. Jaribio, yaani kipande kimoja cha shambulizi, likiisha hawakusanyiki kupanga, wanajipanga palepale na kuanza tena. Wasipobadilisha mtu, walinzi nao hawapewi nafasi ya kubadilisha. Jamaa wa kilo 140 ameshakimbizwa majaribio saba mfululizo, anahema mdomo wazi. Hapo sinema inaanza. Anageuka kutazama benchi lake. Benchini kuna mtu anashusha kiganja, kidogo tu, kama anamtuliza mtoto. Jamaa anapiga goti, analala chali, anashika mguu. Filimbi. Wahudumu wawili wanaingia na mkoba, wanamkunja na kumkunjua goti ambalo halina kitu, wenzake wote wako pembeni wanakunywa maji. Sheria inamtaka atoke kwa jaribio moja. Moja! Baada ya hapo karudi anarukaruka.

Novemba 2024 ligi ya SEC, ile ya vyuo vikubwa vya kusini, ilichoka, ikatoa waraka: kocha mkuu akibainika mara ya kwanza faini dola 50,000, mara ya pili 100,000, mara ya tatu anakosa mechi. Kisha NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo, wakaleta kanuni ya msimu wa 2025: refa akishauweka mpira kwa jaribio linalofuata, halafu wahudumu wakaingia kumwangalia mchezaji, timu yake inakatwa taimauti moja, yaani ruhusa ya kusimamisha mchezo, nazo ni chache. Kama hazijabaki, inarudishwa yadi 5.

Inatosha? Mimi nasema hapana. Anayelala akae nje mpaka wapinzani wamalize zamu yao yote ya kushambulia. Na msishangae wameyatoa wapi haya, wamefundishwa na makipa wa Bongo.

MtotoWaTanga
Uliandika vizuri weee, sentensi ya mwisho ukavuruga. Makipa wa Bongo wameingiaje hapo? Kipa wa huku akilala dakika ya 85, timu inaongoza moja bila ugenini, jukwaa zima linamtukana mama yake, ana sababu. Hao wa kwenu wanapumzika kila baada ya sekunde sita, wamevaa magodoro mwili mzima, na bado wanalala. Futa hiyo kauli.

Kinyozi wa Houston
Sifuti. Dakika za nyongeza huko zinaletwa na nani, waokota mipira?

Kisumu Ndogo
Mimi niko Minneapolis na kwa hili niko na Tanga. Hii maneno si ya jana. 2010 timu ya Chuo Kikuu cha California iliwakaribisha wenzao wa Oregon, ambao msimu huo hawakuwa wamefungwa na walikuwa wakitandika watu pointi hamsini na kitu kwa mechi. Siku hiyo walishinda 15-13 tu, kwa jasho. Baadaye kocha msaidizi wa California alikubali kwamba yeye ndiye alimwambia kijana alale, akasimamishwa mechi moja. Hakukuwa na kipa wa Bongo hapo.

Kinyozi wa Houston
Kocha mmoja wa 2010 si hoja. Tazama Ole Miss, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi, ndio waliosemwa kuliko wote msimu wa 2024. Na hata kabla, 2021 kule Tennessee, si mashabiki walirusha vitu mpaka chupa ya haradali, kocha wa Ole Miss wakati huo, Lane Kiffin, akapigwa na mpira wa gofu? Yote sababu ya kujilaza.

Kisumu Ndogo
Usichanganye madawa. Kwa kujilaza waliwazomea Ole Miss usiku kucha, hiyo ni kweli. Vitu vilirushwa zikiwa zimebaki sekunde 54, baada ya waamuzi kusema Tennessee hawajafikisha yadi zinazotakiwa kwenye jaribio la nne, ambalo ndilo la mwisho. Mechi ikasimama dakika kama ishirini, na chuo kikalipa faini ya dola 250,000.

Kinyozi wa Houston
Na hasira ilianza saa ngapi? Mtu hazomei usiku kucha halafu akarusha haradali kwa sababu ya yadi moja.

Refa wa Mtaa
Nachezesha ligi za kata huku Mwanza, sina beji ya FIFA, lakini kanuni nazijua zinavyochezewa. Hiyo ya taimauti ina tundu kubwa. Imesema mpira ukishawekwa. Basi kocha mjanja anawaambia vijana laleni mapema, jaribio likiisha tu, refa hajauweka mpira. Hapo hakatwi mtu. Na hata ukichelewa ukakutwa huna taimauti, yadi 5 ni bei ya kutupa kama umezuia pointi 7.

Pendekezo la Kinyozi ndilo linalonitisha zaidi. Ukimweka nje zamu nzima, mzugaji atapiga hesabu zake, labda ataacha. Aliyeumia kweli ndiye atakayejificha, kwa sababu akitoka kuna mwenzake anaitaka namba. Mnamkumbuka Tua wa Miami Dolphins, Septemba 2022? Ligi ya kulipwa ile, lakini kichwa ni kichwa. Jumapili aliyumba watu wote wanaona, ikasemwa ni mgongo, akarudi kucheza. Alhamisi alitolewa kwa machela. Yule hakuwa anajilaza, alikuwa anajikaza.

Beki Mstaafu
Kujikaza ndiko kucheza. Sisi tulicheza pekupeku kwenye changarawe, kucha iking'oka unafunga kitambaa unarudi. Hawa vijana waliolelewa na mama kwenye kochi wakiguswa tu, chini. Dawa yao haiko kwenye vitabu vya kanuni. Zomea mpaka ainuke. Mtoto wa kiume hafundishwi kwa taimauti.

MamaWawili
"Waliolelewa na mama kwenye kochi." Nimesoma, nikaweka simu chini, nikarudi kusoma tena.

Mwanangu yuko darasa la kumi na moja hapa Iowa, anacheza mstari wa mbele. Msimu uliopita aliangukiwa na watu wawili, akabaki chini. Timu yetu ilikuwa inaongoza, basi jukwaa la wageni likaanza kuzomea. Safu ya mbele yangu kulikuwa na baba mtu mzima, kikombe cha chokoleti ya moto mkononi, anapiga kelele "inuka wewe muigizaji". Nikamgusa bega nikamwambia yule ni wangu. Akanyamaza. Radhi hakuomba. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevunjika, mtoto alivaa plasta mpaka baada ya Krismasi.

Haya Beki, kutoka hapo kwenye changarawe yako, utajuaje nani wa kuzomewa?

Beki Mstaafu
Pole sana dada, Mungu amponye. Lakini sikumsema mwanao. Nilisema waigizaji. Kama kofia haimtoshi mwanao, usimvishe.

MamaWawili
Yule wa chokoleti naye alidhani anawasema waigizaji.

Kisumu Ndogo
Iowa kuzomea ndiyo kwao lakini. Oktoba 2021 Penn State walikuja Iowa, wakawa mbele 17-3, wachezaji wao wakaanza kuanguka mmoja baada ya mwingine, uwanja mzima ukazomea. Iowa wakashinda 23-20. Kocha wa Penn State wakati huo, James Franklin, alilalamika sana: Iowa hata hawachezi ile ya mbiombio, sasa sisi tujilaze ili iweje? Na alikuwa na hoja. Mzee Ferentz, kocha wa Iowa, akawatetea mashabiki wake.

MamaWawili
"Ndiyo kwao" maana yake nini? Mimi ni wa Morogoro.

Chumvini
Salaam kutoka Mombasa. Wallahi nimeingia kusoma taimauti nimekuta kesi ya malezi.

Mimi nauliza jambo moja: kwani hao bado ni wanafunzi? Juni 2025 mahakama ilipitisha vyuo viwalipe moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, michezo yote pamoja. Mtu analipwa halafu analala kazini? Mkateni mshahara, hamtaona goti likipigwa tena.

Kisumu Ndogo
Wenye ligi ya kulipwa walijaribu. Desemba 2022 Cameron Jordan wa Saints alipigwa faini ya dola 50,000 kwa kujilaza. Akakata rufaa na akashinda. Utathibitishaje kwamba mtu hakusikia maumivu? Utaleta mganga wa Bagamoyo?

Lakini ngoja niseme kitu kimenikaa moyoni. Nyote mnamhukumu anayelala, hamgusi kinachomlaza. Mlinzi amechoka na kanuni haimpi nafasi ya kubadilishwa. 2014 kulikuwa na pendekezo, makocha kama Nick Saban na Bret Bielema walikuwa upande wake: sekunde 10 za kwanza kati ya zile 40 wanazopewa washambuliaji kuanza jaribio linalofuata ziwe za walinzi kubadilisha watu, ndipo mpira uanze. Wakachekwa, wakaambiwa wanaogopa kasi tu, wanasingizia afya. Likawekwa kando. Sasa miaka inapita, kila msimu ni waraka na faini. Mngempa yule jamaa wa kilo 140 sekunde kumi za kutoka kwa heshima, angelala kwa nini?

Kinyozi wa Houston
Angelala kwa sababu sekunde kumi hazitoshi kuua mdundo wa mpinzani! Kulala si kupumzika tu, ni kumpoza mwenzio. Timu imeshika moto, kocha wako amechanganyikiwa hajui apange nini, wewe lala tu yeye apate dakika mbili za kufikiri. Na hilo pendekezo la 2014 lingeua kitu kizuri kuliko vyote kwenye mchezo huu. Vyuo vidogo visivyo na majitu vinafanyaje mbele ya Alabama? Vinakimbia. Ukiwawekea breki umewarudishia wakubwa kombe.

Refa wa Mtaa
Nilisema kuna tundu. Mtu alale kabla mpira haujawekwa, mnamfanya nini? Naona bado.

Kwenye soka la Marekani, MLS, tangu 2024 ukikaa chini zaidi ya sekunde 15 na daktari akaingia, unakaa nje dakika 2. Isipokuwa umeumia kichwa, au aliyekuchezea rafu kapewa kadi, au wewe ni kipa. Angalau hapo wamekumbuka kichwa.

MtotoWaTanga
Kipa! Mmeona? Mpaka Wamarekani wamemtoa kipa kwenye lawama. Kinyozi njoo usome hapa.

Kinyozi wa Houston
Wamemtoa kwa sababu goli haliwezi kukaa tupu, bwana, si kwa sababu ya uaminifu wake. Refa, kwa tundu lako jibu liko kwenye hoja yangu. Weka sheria ya zamu nzima, iwe mpira umewekwa au haujawekwa, hakuna pa kupenya.

Refa wa Mtaa
Na kichwa?

Beki Mstaafu
Kichwa ndicho nilichotaka kuuliza. Dada yangu wa Morogoro, kwa heshima. Watu wazima wenye digrii wanasema mchezo ule unatikisa ubongo. Wewe umezaliwa kwenye mpira wa miguu. Ulimpelekaje mtoto kugongwa kila Ijumaa? Angecheza soka, hata angevunjika mguu tungesema ajali.

MamaWawili
Sasa umenigeuzia. Ulianza na mama wa kochi, sasa ni mama asiyejali ubongo. Amua basi ni mama gani unamtukana.

Alikuja nyumbani na fomu, yuko na kilo 110 na miaka kumi na tano. Kocha wa soka alimwangalia akamweka benchi, kocha wa futiboli akamwangalia akatabasamu. Huku kijana mgeni akiwa na meza ya kukaa wakati wa chakula cha mchana ni jambo kubwa, wewe hulijui. Na ada ya chuo nimeiona. Ya mwaka mmoja, na malazi, inapita ninachobakiza kwa miaka mingi nikifanya zamu za usiku. Kuna vyuo vinamwandikia barua. Nikimwambia aache, barua hizo nitazijibu mimi?

Kila mechi namwambia ukiumia lala. Lala, wacha wazomee. Na kocha wake anamwambia ukiweza kusimama, simama. Mimi ndio ninayebishana na huyo, ninyi mnabishana na waigizaji wa kwenye televisheni.

Chumvini
Mama, hapo umenifunga mdomo kuhusu mshahara. Kidogo.

Beki Mstaafu
Mimi hajanifunga. Skolashipu zipo hata za soka, hata za riadha, muulize Kisumu Ndogo ndugu zake wamesomeshwa na miguu huko Marekani tangu enzi na enzi. Futiboli si mlango pekee.

Kisumu Ndogo
Wale ni wa Eldoret, mzee. Sisi wa ziwani tulikuja na ada zetu. Na mtoto wa kilo 110 hakimbii mita elfu kumi, hata umwombee.

MamaWawili
Beki, hizo skolashipu za soka nitajie chuo kimoja kinachomtaka mtoto aliyewekwa benchi sekondari. Nasubiri. Na usiniite dada kabla hujaiomba radhi ile kochi.

Kinyozi wa Houston
Jamani ya ada na skolashipu mama aifungulie mada yake, hapa tuongelee taimauti.

Beki Mstaafu
Aifungue. Nitakuja.