Majirani Migosi, Kisumu: Wimbi, thowi (kimea) na uji wa kuchachusha

Baba Wekesa: Jioni njema majirani. Ule utafiti wa Kilimanjaro uliotoka kwenye jarida la Nature Medicine mwaka 2025 unasambazwa ovyo, eti chakula cha kienyeji kinaponya kisukari. Dada Nekesa, tufafanulie.

Nekesa (Lishe): Jioni njema Baba Wekesa. Haukusema hivyo hata kidogo. Walikuwa wanaume 77 wenye afya zao. 23 wa kijijini wakala vyakula vya kizungu wiki mbili. 22 wa mjini wakala vya asili wiki mbili. 22 wakanywa mbege, pombe ya kienyeji, wiki moja. 10 hawakubadilisha kitu. Waliohamia vya kizungu, damu yao ilionyesha uvimbe wa ndani kwa ndani ukipanda, yaani kinga inawaka bila adui, na chembe za kinga zikawa dhaifu zikikutana na vijidudu. Waliokula vya asili na waliokunywa mbege, uvimbe ulishuka. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Lakini hakuna mgonjwa aliyetibiwa pale, wala hapakuwa na mwanamke.

Mama Atieno: Na mbege ni ndizi na kimea cha ulezi. Ulezi ndio wimbi letu. Kimea, yaani nafaka iliyochipushwa, ndicho thowi kwa Kijaluo.

Baba Wekesa: Kwetu Waluhya ni amamera.

Nekesa (Lishe): Hapo hapo! Mbege ina pombe, si ya mtoto wala mja mzito. Ila kuchipusha na kuchachusha kunawezekana kwa uji wa nyumbani. Wimbi lina faiteti, inashika madini ya chuma na zinki yasiingie mwilini. Nafaka ikichipua, au unga ukichacha, faiteti inavunjika. Kununua wimbi tu na kulisaga ni nusu ya kazi.

Zeituni: Mama Atieno, thowi inatengenezwaje tafadhali?

Mama Atieno: Chukua kilo 2 za wimbi la kula, la msimu huu. Lile la mbegu la duka la kilimo lina dawa, usiliguse. Pepeta, toa mawe, osha mpaka maji yatoke safi. Loweka saa 12. Mwaga maji, tandaza juu ya gunia safi lililoloweshwa, unene usizidi kidole kimoja, funika na gunia lingine bichi. Nyunyizia asubuhi na jioni. Kwa joto la Kisumu, siku ya pili au ya tatu vimizizi vyeupe vimetoka na vimeanza kushikana. Anika juani hadi punje ilie kwa jino, sugua vimizizi vitoke, peleka kisiagi.
Ukitandaza nene, katikati panapata joto na ukungu unaingia. Ukiona kijani au cheusi, au harufu ya uozo, tupa yote. Usichambue. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haitoki kwa kuosha wala kwa kupika.

Zeituni: Mtoto wa miezi 8 apikiwe thowi tupu?

Nekesa (Lishe): Hapana mama. Pika uji mzito wa unga wa kawaida, ule unaoganda kwenye mwiko. Epua, acha kama dakika 10. Tia kijiko kidogo cha unga wa thowi kwa kila kikombe cha uji, koroga. Utauona unalegea mbele ya macho yako, mwiko unaanza kupita, mwishowe unamiminika. Vimeng'enya vya kimea vinakata wanga. Ukishalegea, rudisha motoni uchemke dakika 5, kwa sababu kimea kibichi kina vijidudu. Ukitia thowi uji ukitokota, vimeng'enya vinakufa na uji unabaki mzito. Na wanaolegeza kwa maji wanamjazia mtoto tumbo dogo maji matupu. Hilo linaniuma sana, maana uzito haupandi na mama anadhani amelisha.

Baba Wekesa: Na wa kuchachusha?

Mama Atieno: Vikombe 2 vya unga, 3 vya maji yaliyochemshwa yakapoa hadi vuguvugu, vijiko 2 vya uchachu wa juzi, yaani mchanganyiko uliobaki mara iliyopita. Chombo kisijae, unaumuka. Hapa saa 24 zinatosha, Nakuru kwa baridi ile ngoja hata 48. Unukie kama maziwa lala. Ukiota manyoya au rangi ya waridi, mwaga. Kisha pika kama uji wowote, dakika 15.

Zeituni: Mimi nasaga mchanganyiko: wimbi, mtama, soya, njugu, omena.

Nekesa (Lishe): Tenganisha, Zeituni. Soya isiyokaangwa inazuia protini isisagike tumboni. Mafuta ya njugu na omena yanaharibika upesi ndani ya unga kwa joto hili, na njugu chache zenye sumukuvu zinachafua debe zima. Saga wimbi peke yake, au na mtama. Njugu chagua nzimanzima, kaanga, saga kidogo, tia kwenye bakuli wakati wa kulisha. Omena ipikwe iwe mboga.

Zeituni: Na chai pamoja na uji asubuhi?

Nekesa (Lishe): Chai inashika madini ya chuma. Iache hadi lisaa limoja lipite baada ya uji, na mtoto umpe kipande cha chungwa au pera pamoja na uji.

Zeituni: Sawa dada. Kesho naenda soko la Kibuye, nachukua wimbi kilo 2.

Mama Atieno: Liume kwanza kabla ya kulipa. Likilainika chini ya jino halijakauka, liache hapo hapo.