Naomba ushauri: mgonjwa anaposema redio inamtaja, nimjibuje?

Habari zenu wakuu. Nasomea udaktari, nimeanza zamu ya wodi ya magonjwa ya akili. Kuchukua historia si tatizo. Shida iko kwenye kupima hali ya akili: mwonekano, usemi, hisia, mtiririko wa mawazo, hadi kama mgonjwa mwenyewe anajua anaumwa. Hapa hakuna stethoskopu ya kukuokoa, kipimo ni mazungumzo yenyewe.

Juzi mzee mmoja aliniuliza, "Wewe husikii redio inavyonitaja?" Nikikubali, naitia nguvu imani yake. Nikibisha, ananyamaza na mahojiano yameishia hapo. Nikamwambia mimi siisikii, ila naona inamkosesha raha. Akaendelea kuongea, jicho likiwa mlangoni. Je, ni sawa, au kuna njia bora?

La pili ni kuuliza kuhusu kujiua. Najua kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, tafiti zimeshaonyesha, lakini ulimi unakuwa mzito. Mnaanzia wapi? Na maneno ya mgonjwa mnayanukuu vipi bila kuinamia daftari muda wote? Mliopita huko naomba mbinu zenu, hata za mtihani wa mdomo.