Madwafu na watu-mijusi wangu hawana mila. Mnaanzia wapi?

Mzee wa Dadu
Wakuu, salaam. Tuna kikundi chetu hapa Sinza, tunacheza D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi na kurusha dadu) Jumamosi jioni na mimi ndiye mwendesha mchezo. Safari hii nachora dunia yangu mwenyewe. Bahari ipo, milima ipo, miungu wamejaa. Nimekwama kwenye jamii. Madwafu, wale watu wafupi wa hadithini, wana ndevu, wanapenda pombe, wanawachukia maelfi, wale wenye masikio ya ncha, basi. Watu-mijusi wa kwenye mikoko wana mikuki na mganga. Wachezaji wakiingia kijijini wanauliza bei ya upanga, wanaondoka. Historia ya ufalme wa madwafu ya miaka 3,000 nimeandika, hakuna aliyeigusa. Nifanyeje?

Mama Ramani
Hiyo historia iweke kabatini kwanza, mkuu. Mchezaji hakutani na historia, anakutana na mtu aliyemzuia mlangoni. Mimi kila jamii naiuliza: mnazikana vipi, mnadaiana vipi, mgeni akifika usiku analala kwa nani? Wafalme na miungu watajileta wenyewe.

Chukua hao madwafu na maelfi. Ugomvi wao umechosha. Gygax na Arneson, waliobuni D&D, walipoutoa mchezo mwaka 1974 ugomvi huo ulikuwa tayari umezeeka. Wafanye watani. Utani hasa, kama wetu sisi Wapare na Wachaga, siyo vichekesho vya barazani. Dwafu akifa, maelfi wanaingia msibani kwa kelele. Mmoja kavaa koti la marehemu, anaiga alivyokuwa akikohoa na alivyokuwa akificha hela. Mwingine kajilaza kaburini, hatoki mpaka apewe chochote. Wafiwa wanacheka na machozi yanawatoka, na kukasirika ni mwiko. Sasa mlete mchezaji wako asiyejua lolote, amkute elfi kajinyoosha kaburini. Jioni yote imekwisha hapo, na hujamtoa zimwi hata mmoja. Wakiuliza utani ulianzaje, waambie kulikuwa na vita, wakapatana. Ndivyo wazee wanavyosimulia asili ya utani mwingi. Historia yako imepata kazi: sentensi moja.

Halafu kila mtu anawapa madwafu dhahabu. Wape maji. Kilimanjaro Wachaga walichimba mifongo, yaani mitaro ya kuteremsha maji ya vijito mpaka migombani. Mfongo una ukoo ulioufungua, maji yanakwenda kwa zamu, na asiyetokea siku ya kuusafisha anatozwa faini. Dwafu aliyefungulia maji usiku kwenye zamu ya jirani ni kesi tamu kuliko joka.

Bamvua
Mama Ramani kamaliza ya mlimani, mimi niseme ya huku Lamu. Hao mijusi umewaweka kwenye mikoko, kisha mikoko yenyewe umeisahau. Nyumba zetu za mawe za zamani zina vyumba virefu vyembamba, kwa kuwa dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haifiki mbali. Basi mfalme wa mijusi hana ukumbi mpana. Ana chumba kama ushoroba, watu wamekaa mstari mmoja, na neno la mgeni lapitishwa mdomo kwa mdomo hadi limfikie. Wachezaji wako waulize jambo mlangoni, uone litafika vipi kule mwisho!

Na wasiwe na chuma. Mtepe, chombo chetu cha baharini cha zamani, ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, msumari hata mmoja haumo, na tanga lake mkeka. Madeni yao yalipwe bamvua, maji yakijaa sana. Maji mafu, bahari ikijaa kidogo tu, hakuna anayedai. Bamvua hufuata mwezi, basi mchezaji anayewindwa na mdai ataanza kuutazama.

Kipanga99
Samahanini, mimi sijaelewa. Mnachukua mila za watu halisi mnazivalisha mijusi. Mtu wa Lamu akifika mezani akakuta babu yake ana magamba, si matusi hayo?

Bamvua
Mimi wa Lamu na ndiye nimetoa boriti. Boriti haina ukoo.

Mama Ramani
Kipanga, swali zuri, na mpaka upo. Ninachochukua ni sababu: mti mfupi, maji machache, vita vilivyokwisha. Sichukui lugha, jando, matambiko wala majina ya watu. Msiba wa watani nimeutoa kwetu na nimewapa watu wawili wanaoheshimiana. Nisingewapa mijusi ambao wachezaji wamekuja kuwaua. Na jamii nzima isizaliwe waovu au wajinga. Hata D&D toleo la 2024 nyongeza za uwezo wamezitoa kwenye jamii ya mhusika, wakaziweka kwenye maisha aliyopitia kabla ya safari.

Mzee wa Dadu
Nimewaelewa. Jumamosi namuua dwafu mmoja, mzee, kwa ugonjwa. Ila kuna kijana wangu mezani huwa anachomoa upanga kabla ya salamu. Akimchomolea yule wa kaburini?

Mama Ramani
Usimpe pigano. Watani wote wanyamaze, halafu wamtoze mbuzi. Mbuzi yuko soko la bondeni, msiba uko juu, na anamvuta yeye mwenyewe. Kila kona arushe dadu la pande 20. Mbuzi naye arushe lake.