Nimekula kiinua mgongo changu Japani, safari ya "historia kwa treni" imegeuka historia ya kupotea stesheni

Wakuu salaam, mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa viza, huu ni wa hasira.

Nimerudi Dar juzi, miguu bado imevimba. Kuna kampuni moja ya hapa mjini, jina siweki maana najua uzi utafutwa, ilitangaza safari ya kikundi siku 10, historia ya Japani kuanzia Nara mpaka Hiroshima, hakuna basi la kukodi, mnapanda treni na tramu kama wenyeji na mnaye mtaalamu wa kuwaongoza. Dola 4,300, tiketi ya ndege juu yako. Mimi ni mwalimu wa historia mstaafu na kilichonivuta sio treni, ni Yasuke. Yule mtu mweusi, wanasema alitokea pande za Msumbiji, alifika Kyoto 1581 na mapadri wa Kijesuiti, Oda Nobunaga, mbabe wa vita aliyekuwa na nguvu kuliko wote Japani wakati ule, hakuamini ile rangi akamvulisha hadi kiunoni atazame kama amepakwa, mwisho wa siku akamchukua awe mtu wake. Ratiba yao, ninayo hapa, iliandika siku nzima ya Yasuke, asubuhi Azuchi kwenye magofu ya ngome ya Nobunaga, mchana hekalu la Honnoji. Nikalipa yote kwa mkupuo.

Sasa sikilizeni. Siku ya kwanza Tokyo, Ijumaa, tunaenda bustani ya mashariki ya kasri la mfalme, ndipo ilipokuwa ngome ya Edo ya akina Tokugawa, ukoo wa mashoguni waliotawala Japani. Geti limefungwa. Ile bustani hufungwa kila Jumatatu na Ijumaa, mimi niliiona kwa simu ndani ya dakika moja, yeye gaidi wetu (tua gaidi namaanisha, huyo mtaalamu wa kutuongoza, ila kwa aliyotufanyia hata mkisoma vibaya sawa tu) anashangaa pale na sisi.

Treni. Walitununulia ile pasi ya treni ya watalii (Japan Rail Pass) ya siku 7 iliyopanda Oktoba 2023 kutoka yen 29,650 mpaka 50,000. Kwa njia zetu haikulipa kabisa, Tokyo-Kyoto ni kama 14,000, Kyoto-Hiroshima kwenda na kurudi kama 23,000, piga hesabu mwenyewe. Halafu jamaa akatupandisha Nozomi, treni ambayo ukiwa na hiyo pasi lazima uongeze hela, kondakta kaja, yen 4,960 kila kichwa, gaidi anasema "hiyo mtajazia wenyewe". Tena masanduku, ukijumlisha urefu upana na kina likizidi sentimita 160 unatakiwa uwe umeshabuki siti yenye nafasi ya mzigo, hakuna aliyetuambia, mama mmoja mtu mzima kapigwa faini ya yen 1,000 na ameinamisha uso safari nzima kama mwizi.

Kyoto ndo aibu. Basi la mji unapandia mlango wa nyuma unalipia mbele ukishuka, yen 230 tu. Sisi watu 14 tumejazana mlango wa mbele, kadi hazina salio, Wajapani wa watu kimyaaa wanatutazama, na kule ukimya unauma kuliko matusi ya konda wa Gongo la Mboto.

Siku ya Yasuke ikafika. Azuchi imefutwa! Eti "kule hakuna kitu, ni mawe tu". Wewe, ngome iliungua 1582, ulitegemea nini zaidi ya mawe? Mawe ndo niliyoyafuata! Na ni treni ya kama saa moja kutoka Kyoto, pasi ileile ingetufikisha bila kuongeza hata senti. Tukapelekwa madukani kununua chokoleti za chai ya kijani.

Mchana Honnoji. Gaidi kasimama getini na sauti ya kanisani, "hapa mnaposimama ndipo Nobunaga alipofia". Nikamwambia kaka sio hapa, Honnoji ilihamishwa na Hideyoshi, aliyeshika nchi baada ya Nobunaga, 1591, pale penyewe kuna jiwe la kumbukumbu mtaani, hata kwa mguu tunafika. Akanijibu mbele za watu, "mzee usituharibie ratiba". Nimefundisha miaka 31 sijawahi kuambiwa hivyo hata na wale wa fom foo nyuma kabisa. Nikaenda peke yangu. Jiwe lenyewe dogo, limebanwa na ukuta, nikasimama kama robo saa hivi, baiskeli zinapita.

Hiroshima nzuri, ila sio kwa juhudi zao. Kwamba tramu zilianza kutembea tena tarehe 9 Agosti 1945, siku tatu tu baada ya bomu, nimejisomea mwenyewe nimekaa ndani ya tramu, mtaalamu kalala siti ya pili mdomo wazi.

Nimeenda ofisini kwao mara mbili nadai hela ya Azuchi, tofauti ya pasi na ile 4,960. Naambiwa bosi kasafiri. Risiti ninazo, ratiba ya kwanza ninayo, wenzangu tisa wako tayari kusaini. Anayejua naanzia wapi, Tume ya Ushindani au niende moja kwa moja mahakamani, anisaidie.

NYONGEZA saa 4 usiku: wamepiga simu. Hawarudishi hela, wananipa punguzo la asilimia 10 kwenye safari ijayo ya Japani. Ijayo!